Miaka ya Kadi

Foleni imeanzia getini, shule ya wavulana, Ibra.
Saa moja asubuhi, na jua limeshakunja mikono ya kanzu.
Wanaume upande wa maabara, wanawake upande wa kantini,
mishale ya gundi nyekundu sakafuni,
hatua mbili kati ya mtu na mtu,
na kila mtu na pumzi yake ndani ya barakoa.

Namsukuma Bi Thuwaiba kwenye kiti cha magurudumu.
Gurudumu la kushoto linalia kama paka wa jirani.
Mapajani ana mkoba, ndani ya mkoba chupa ya kahawa,
na kadi ya uraia aliyoifunga kwenye pindo la leso
kama pesa ya deni.

Bango linasema: miaka sitini na mitano kwenda juu.
"Basi hiyo kwenda juu," ananinong'oneza, "ndiyo mimi."

Kijana wa mezani, Yaaqub, anagusisha kadi kwenye mashine.
Mashine inafikiri. Mashine inalia ti.
"Mama, wewe una sitini na miwili.
Tarehe mosi Januari."
Nusu ya foleni hii ilizaliwa tarehe mosi Januari,
utadhani wakunga wote walipangiwa zamu usiku mmoja.

Anacheka mpaka barakoa inamteleza puani.
Sitini na miwili! Mwanangu,
tulipoondoka Wete nilikuwa nishavunja ungo.
Kwa kadi hii nilikuwa na miaka mitano,
nimebeba ndugu yangu mgongoni
na sufuria kichwani.

Marehemu Mbarak ndiye aliyefanya.
Karani aliuliza, huyu kazaliwa lini?
Mume wangu akanitazama, akanitazama tena,
akataja mwaka anaoutaka yeye.
Tulipotoka nje akaniambia:
Nimekupa miaka saba, itumie polepole.

Yaaqub anamsikiliza mpaka mwisho. Ana adabu.
Lakini kwenye mashine yake
hakuna kitufe cha marehemu.

Muuguzi wa Kerala anapita na ndoo ya pamba,
anasimama, anamwangalia miguu, vidole vilivyofungwa bendeji.
"Sukari?"
Neno moja, na sote tumelielewa bila mkalimani.
Natoa daftari. Kila alfajiri, kabla ya adhana,
tone la damu, namba, mwandiko wangu:
mia mbili na kumi, mia moja themanini, mia mbili na tatu.
Wenye kisukari wanaanzia sitini.
Kilichomkatalia mlango wa mbele ni umri;
aliingia kwa mlango wa ugonjwa,
na ufunguo ulikuwa kalamu yangu ya buluu.

"Na huyu anayekuhudumia?" anauliza muuguzi.
Yaaqub anageuza kitambulisho changu cha ukaazi,
mbele, nyuma, mbele.
"Zamu yao bado."
Hakusema yako.
Alisema yao.

Sindano ilipoingia alinishika kidole.
Zile hatua mbili zikaisha.

Jioni mkono wake umekuwa mzito, hataki uguswe.
Sahani ya tende iko kati yetu kwenye mkeka.
"Mwanaheri, wewe hasa una miaka mingapi?"
Namuuliza: ya paspoti au ya mama?
Paspoti inasema ishirini na saba.
Wakala wa Tanga aliniongezea minne,
maana bila hiyo nisingepanda ndege,
akaikata kwenye mshahara wa kwanza.

Bi Thuwaiba anahesabu kwa kokwa za tende, taratibu,
kama anayepekua mfuko wa mtu mwingine.
"Mimi nimepunguzwa saba. Wewe umeongezwa minne.
Kuna mitatu hapo haina mwenyewe."
Anaisukuma sahani upande wangu. "Kula.
Kesho tutauliza iliko."

Nikaandika daftarini: mia moja tisini na sita.
Chanjo, mkono wa kushoto, hana homa.
Amekula tende mbili.
Ya tatu amekana.